Kocha anasema nikate kwenda chini, video inaonyesha gongo linapanda. Nimwamini nani?

#1 Mpigaji Mchovu
Wakuu habari. Mwaka wa pili sasa nacheza besiboli timu ya wikiendi, na tangu siku ya kwanza kocha wangu ana wimbo mmoja tu: "Kata kwenda chini! Gongo lishuke kama shoka!" Nimekata mpaka viganja vimeota sugu. Ninachovuna ni mipira ya kubingiria, mchezaji wa besi ya kwanza anaipokea huku anapiga miayo.

Juzi nikakaa na simu nikatazama wapigaji wa ligi kuu ya Marekani, video zilizopunguzwa kasi. Nikaanza na Aaron Judge, yule wa homurani (mpira unaopigwa ukavuka uzio wa uwanja) 62 mwaka 2022. Nikasimamisha pale gongo linapogusa mpira: linapanda! Halishuki, wala halijalala bapa. Nikaenda kwa mwingine, vilevile. Wa tatu, vilevile.

Sasa kati ya kocha na video nani ananidanganya? Na kama ni kupanda, nguvu inatoka wapi hasa, mikononi au kiunoni? Tiririkeni.

#2 Msomaji Kimya
Nimekaa pale, nasubiri wajuzi.

#3 Kocha Mstaafu
Marahaba kijana, hata kama hukuniamkia.

Wote wawili wanasema kweli. Simama mbele ya kioo. Shika gongo, mikono ikae usawa wa bega la nyuma, pale swingi, yaani mzungusho wa gongo, inapoanzia. Mpira unakuja usawa wa kiuno. Niambie mikono itafikaje huko bila kushuka? Kwa hiyo mwanzo ni kushuka, katikati gongo linalala, mwisho linapanda. Kocha wako anaimba kipande cha kwanza, wewe umesimamisha video kwenye kipande cha mwisho.

Halafu kuna hili: anachofanya mwili na anachohisi mchezaji ni vitu viwili. Mtoto ukimwambia "panda", anaangusha bega la nyuma, gongo linachota kama upawa, mpira unaruka wima juu ya kichwa chake mwenyewe. Ukimwambia "shuka", anasawazika. Anadhani anakata kuni, kumbe ameacha tu kuchota.

#4 Hesabu Hazidanganyi
Kocha nakuheshimu, ila hapo umetupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Tuanze na mpira, maana watu husahau kwamba nao una njia yake. Mrushaji anasimama kwenye kichuguu cha sentimita 25, anauachia mpira karibu na usawa wa kichwa chake, na unamfikia mpigaji kati ya goti na kifua. Maana yake unashuka. Wa kasi unafika umeinama kama nyuzi 5 au 6, wa kupinda unakaribia 10. Gongo likishuka nalo, njia hizo zinakatana kama visu vya mkasi, zinakutana nukta moja tu. Gongo likipanda kwa pembe ileile, linakaa ndani ya njia ya mpira kwa muda, hata ukiwahi au ukichelewa kidogo bado unaukuta.

Ted Williams aliyasema haya zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na huyo si wa kubezwa, alipiga wastani wa .406 (mapigo mazuri 406 kwa kila nafasi 1,000) mwaka 1946. Siku hizi kamera za ligi kuu zinahesabu pembe nzuri ya gongo kuwa kati ya nyuzi 5 na 20 kwenda JUU.

#5 Kumbukumbu Mgando
.406 ilikuwa 1941 mkuu. Mwaka 1946 ndio alirudi kutoka jeshini akachukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi yake. Mtu anayejiita Hesabu Hazidanganyi aanze na kalenda.

#6 Hesabu Hazidanganyi
Asante, 1941. Vidole viliteleza. Pembe ziko palepale.

#7 Kiuno Kwanza
Naona hakuna aliyegusa swali la pili, na ndilo lenye utamu. Nguvu haitoki mkononi. Mkono ni mkia tu.

Chukua shuka, shika pembe mbili, likung'ute. Mkono unasogea kidogo na kusimama, lakini pindo la mbali linalia "pwa!". Swingi ni hivyohivyo. Mguu wa mbele unatua, goti linanyooka, kiuno kinageuka kuelekea kwa mrushaji wakati mabega bado yamebaki nyuma. Kiuno kikianza kupunguza mwendo, kiwiliwili kinachukua. Kiwiliwili kikipunguza, mikono inachukua. Mikono ikipunguza, gongo linafyatuka. Kila kiungo kinamkabidhi mwenzake mwendo kisha kinasimama. Mwaka 1995 kuna watafiti waliwapima wapigaji wa kulipwa, wakakuta kiuno kinafikia nyuzi 714 kwa sekunde na mabega nyuzi 937. Mguu wa mbele ukitua unasukuma ardhi kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili wenyewe.

Mleta mada, jirekodi ukiwa umetazamana na kamera. Kama kitufe cha suruali na nembo ya kifuani vinageuka pamoja, basi unapiga kwa mikono mitupu na kocha hana kosa.

#8 Mkono Mwepesi
Hii dini ya kiuno imezidi. Luis Arraez gongo lake ni la polepole kuliko karibu wote ligi kuu, kama kilomita 100 kwa saa, wakati wastani ni kama 115 na Giancarlo Stanton anagonga 130. Lakini nani amechukua ubingwa wa wastani wa kupiga 2022, 2023 na 2024 mfululizo, tena kwa timu tatu tofauti? Arraez. Mikono yake inaujua mpira ulipo, basi. Kiuno kisichojua mpira ulipo ni ngoma tu.

#9 Kiuno Kwanza
Na homurani zake ngapi? Usizikimbie.

#10 Mkono Mwepesi
Mleta mada hajaomba homurani. Ameomba aache kubingirisha.

#11 Hesabu Hazidanganyi
Nyote mnavutana bila mizani. Kwa gongo la kawaida la mbao, ukigonga mahali pazuri, kasi ya mpira unaotoka ni takriban: kasi ya gongo mara 1.2, jumlisha kasi ya mpira unaokuja mara 0.2. Mfano, mpira umerushwa kwa kilomita 150 kwa saa, upepo unaupunguza, unafika kama 138. Gongo ni 115, mara 1.2 ni 138. Mpira 138 mara 0.2 ni 27.6. Jumlisha, unatoka na karibu 166.

Ukiongeza kasi ya gongo kwa 10, mpira unaongezeka 12. Mrushaji akiongeza 10, wewe unapata 2 tu. Kwa hiyo ule msemo kwamba "mrushaji ndiye anayekupa nguvu" una ukweli mdogo sana. Kiuno Kwanza kashinda kwenye umbali.

LAKINI, na hii nampa Mkono Mwepesi, hiyo 0.2 ni ya mahali pazuri tu. Sogea sentimita chache kuelekea ncha au mpini, inaporomoka. Kasi kubwa mahali pabaya ni kelele.

#12 Bwana Msamiati
Samahani wakuu, kabla hatujaendelea. Kwa nini "gongo"? Sisi tunasema bati.

#13 Kumbukumbu Mgando
Bati ni la kuezekea.

#14 Bwana Msamiati
Na gongo ni la kulewesha. Afadhali langu linazuia mvua.

#15 Kocha Mstaafu
Zamani mimi nilisema "rungu", watoto wakalishika kama wanakwenda kupigana. Iteni mtakavyo, mradi vidole vikae sawa. Tena mmenikumbusha: vile vifundo vya kati vya vidole, unavyobishia hodi, vya mkono wa juu na wa chini viwe karibu na mstari mmoja. Mkilishika ndani kabisa ya kiganja, vifundo vinapishana na viwiko vinafungwa.

#16 Dada wa Softiboli
Habari zenu. Mimi nipo upande wa softiboli, ndugu wa besiboli ambako mrushaji anarusha mkono ukitokea chini, na nashangaa mmefika post ya 15 hamjataja MUDA.

Besiboli ni mita 18.44 kutoka kwa mrushaji, na kwa kuwa anapiga hatua mbele, mpira unaachiwa kama mita 16 na nusu hivi kutoka kwako. Kwa mpira wa 150 una takriban sekunde 0.4. Swingi yenyewe inakula kama 0.15. Kwa hiyo unaamua mpira ukiwa bado mita 6 mbali, ukishaamua umeondoka, huna breki. Ukiwahi au ukichelewa kwa mia moja ya sekunde, mpira unakwenda faulo, nje ya mistari ya uwanja halali. Kwetu mrushaji yuko mita 13.1 na mpira ni polepole kidogo, muda unakuwa uleule.

Ndiyo maana Jennie Finch, mrushaji wa softiboli, alimpiga Albert Pujols, mpigaji nyota wa besiboli ya ligi kuu, straiki tatu (ukifikisha tatu unatoka) mwaka 2005. Pujols yule, mwenye kiuno, mwenye mikono, mwenye kila kitu. Macho yake yalikuwa yamefunzwa kusoma mkono unaotoka juu, wa Finch ukatokea chini. Pembe za Hesabu zilimsaidia nini?

#17 Kumbukumbu Mgando
2004, dada yangu. Februari. Mengine yote sawa.

#18 Dada wa Softiboli
Wewe kaka unaishi kwenye makabati ya mafaili?

#19 Mpigaji Mchovu
Dada hiyo mia moja ya sekunde siielewi. Mbona ndogo hivyo?

#20 Hesabu Hazidanganyi
Naomba nijibu mimi. Karibu na mgongano gongo linazunguka kama nyuzi 2,000 kwa sekunde na ushee. Kwa mia moja ya sekunde limepita nyuzi 20 na kitu. Mpira unaodunda kwenye kitu kilichogeuka nyuzi 20 wenyewe unapinda karibu mara mbili ya hapo, tuseme 40. Uwanja halali ni nyuzi 90, yaani 45 kila upande wa katikati. Umebakiwa na nini? Ukingo wa chaki.

#21 Jicho la Tatu
Kuna kitu kinaniudhi kwa makocha wote: "tazama mpira mpaka ugongane na gongo." Haiwezekani! Mwaka 1984 Bahill na LaRitz walipima macho ya wapigaji kwa mpira unaovutwa kwenye uzi (si uzi kama huu). Mchezaji wa kulipwa aliufuata hadi ukawa kama mita 1.7 kutoka kwake, halafu jicho likaachwa. Wanafunzi waliachwa mapema zaidi. Mpira unapokaribia, pembe yake inabadilika haraka kuliko shingo na jicho vikijumlishwa.

Kwa hiyo mgongano wenyewe hujawahi kuuona maishani mwako. Unaona ulikotoka, unakisia utakapokuwa, unapeleka gongo kwenye kisio. Na ukikisia kasi ndogo kuliko ya kweli, mpira utakaofika unauona kama umeruka juu. Warushaji wakubwa wamejengewa sifa ya "mpira unaopanda" kwa sababu hiyo tu.

#22 Kocha Mstaafu
Mwanangu, najua haiwezekani. Nasema hivyo kwa sababu nisiposema, kichwa kinafyatuka kutazama mpira unaenda wapi kabla haujaenda, na kichwa kikiondoka bega linakifuata. Rudi post #3, ni ugonjwa uleule.

#23 Jicho la Tatu
Yaani makocha mmekubaliana kutudanganya kwa faida yetu.

#24 Kocha Mstaafu
Na mnalipia.

#25 Fundi Mbao
Mimi nachonga, sipigi, lakini jaribuni hiki nyumbani. Ning'iniza gongo kwa vidole viwili karibu na kitasa cha mpini, liache lilegee. Sasa ligonge kwa kifundo cha kidole, anzia ncha ya mbali, shuka sentimita moja moja. Mwanzoni utasikia mtetemo unapanda mpaka vidoleni, unawasha. Ukifika kama sentimita 15 au 17 kutoka ncha, mtetemo unakufa. Unasikia "tok" kavu tu. Endelea kushuka, mtetemo unarudi. Hapo palipokufa ndipo mahali pazuri. Ukigonga mpira hapo mikono haisikii kitu, wenzako ndio wanakwambia umepiga.

Mleta mada, paka unga wa poda kwenye gongo, piga mipira kumi, tazama alama ziko wapi. Kabla ya kulaumu pembe wala kiuno.

#26 Mkono Mwepesi
Ndiyo sababu ya yale magongo ya topido ya 2025! Wamehamisha unene wa mbao kutoka ncha kuuleta pale mpigaji anapogusa mara nyingi. Yankees wakapiga homurani 9 mchezo mmoja, mwezi Machi.

#27 Kumbukumbu Mgando
Tatu kati ya hizo 9 ni za Judge, na Judge alitumia gongo lake la kawaida.

#28 Mkono Mwepesi
Wewe jamaa ni wa kukera aisee. 😂

#29 Kiganja Kilichoshonwa
Nimesoma kimya, ila hapa kwenye kushika nina kovu la kuonyesha.

Mimi nilikuwa muumini wa "kaza". Nakaza kama nanyonga kuku. Na ili nipate urefu zaidi nilishusha mkono wa chini mpaka kitasa cha gongo kikawa ndani ya kiganja. Siku moja nikakosa mpira kabisa, swingi ya hewa, nikasikia "ka" ndani ya mkono. Hakuna mpira uliogusa chochote. Nilidhani ni msuli, nikacheza wiki mbili zaidi kwa ubishi, nikishindwa hata kufungua kifuniko cha chupa. Kumbe kuna kifupa chenye ndoana upande wa kidole kidogo, kitasa kilikuwa kinakigonga kila siku, kikakatika. Kilitolewa kwa upasuaji. Stanton naye alivunjika hichohicho mwaka 2015, nikajifariji kwamba angalau kimoja tunafanana.

Kilichoniuma zaidi ni nilichosoma baadaye: mpira na gongo vinagusana chini ya milisekunde moja. Mtetemo wa mgongano haujafika mikononi ukarudi, mpira umeshaondoka. Yaani nilipokuwa nakaza ili "nisukume", mpira haukujua hata kama nina mikono.

#30 Kiuno Kwanza
Pole sana mkuu. Ila hiyo aya ya mwisho irudieni polepole, hasa Mkono Mwepesi.

#31 Mkono Mwepesi
Pole kaka. Na wewe Kiuno, kama mpira haujui kuna mikono, haujui kuna kiuno pia. Unajua gongo tu. Kwa hiyo aliyelifikisha gongo mahali pake ndiye mshindi, na aliyelishika ni nani?

#32 Hesabu Hazidanganyi
Chini ya milisekunde moja ni kweli. Gramu 145 zinageuzwa kutoka 138 kuja kwenda 166 kurudi, nguvu ya wastani inazidi tani moja. Hakuna kiganja cha mtu kinachokabiliana na hiyo, ni uzito wa gongo na kasi yake. Kazi ya mikono imeisha kabla.

Ila Kiganja, usiwafanye watu wakalegeza mpaka gongo likaruka kwa watazamaji.

#33 Mpigaji Mchovu
Sisi kabla ya kuingia kupiga tunavisha gongo ile pete ya chuma nzito, tunalizungusha, tukiivua gongo linakuwa jepesi kama unyoya. Hiyo nayo ni uongo?

#34 Jicho la Tatu
Wepesi unauhisi, kasi hupati. Waliopima wamekuta mara nyingi swingi inayofuata inakuwa polepole kidogo, au haibadiliki. Mwili umeshazoea mpangilio wa kitu kizito, muda wa kiuno na mikono unavurugika. Pete hiyo ilienezwa na Elston Howard wa Yankees miaka ya 1960, na hadi leo watu wanaivaa kama hirizi.

#35 Kocha Mstaafu
Hirizi inayompa mtu ujasiri mimi simvui.

#36 Mguu Mmoja
Mnajadili kiuno na mikono, mimi nawaletea mguu. Sadaharu Oh, Yomiuri Giants ya Japani, homurani 868, hakuna mwingine duniani kwenye ligi ya kulipwa. Alikuwa anainua mguu wa mbele mpaka paja linalala, anasimama kwa mmoja kama korongo, anangoja. Kocha wake Hiroshi Arakawa alimpa upanga akate karatasi iliyoning'inizwa darini. Karatasi haikatiki kwa nguvu, inakatika kama makali yamekuja kwa njia iliyonyooka. Ukizungusha kwa pembeni, karatasi inayumba tu.

Sasa upanga ule alikuwa anaushusha, wakuu. ANAUSHUSHA. Na homurani ni 868. Hesabu anasemaje?

#37 Hesabu Hazidanganyi
Nasema zoezi si mchezo. Simamisha video ya Oh kwenye mgongano kama alivyofanya mleta mada kwa Judge, uone.

#38 Mguu Mmoja
Kwa hiyo alishuka mazoezini miaka yote ili apande uwanjani? Basi kocha wa mleta mada ni Arakawa na tulikuwa hatujui.

#39 Kocha Mstaafu
Nimecheka mpaka mama watoto amekuja kuuliza kuna nini.

#40 Mtu wa Kriketi
Hodi. Kwetu gongo lina uso bapa hadi sentimita 10.8, na mtu akipiga chini mpira unabingiria mpaka mpakani, pointi nne, hakuna anayelia. Nyie mmejinyima wenyewe. Gongo la duara, mpira wa duara, uwanja robo.

#41 Dada wa Softiboli
Na straiki tatu tu, usisahau. Wenu wanapiga kambi pale kati siku nzima.

#42 Mtu wa Kriketi
Ila hapo nimetaja kitu cha maana, mleta mada. Duara kwa duara. Kwa nini mnazungumzia gongo kupanda au kushuka bila kutaja limegusa mpira wapi? Gongo linalopanda likigusa nusu ya juu ya mpira, mpira unakwenda chini. Linaloshuka likigusa nusu ya chini, mpira unapaa.

#43 Hesabu Hazidanganyi
Mgeni kaja na jambo. Ni kweli, na kugusa chini kidogo ya katikati ndiko kunakoupa mpira mzunguko wa kinyumenyume, hewa inaubeba. Kuna waliokokotoa mwaka 2003 wakaona mpira wa kupinda ukipigwa vizuri unaweza kwenda mbali kuliko wa kasi, ingawa unakuja polepole, kwa sababu tayari unazunguka upande unaoutaka mpigaji. Wengine wakasema tofauti hiyo ni ndogo, mpira wa kasi unafidia. Sijaona waliopatana.

#44 Mpigaji Mchovu
Wakuu nimerudi na mrejesho. Jumamosi nilienda mapema, nikaweka mpira juu ya kigingi cha mazoezi, nikapaka poda (asante Fundi). Mipira kumi ya kwanza, alama nane ziko karibu na mpini! Hakuna cha pembe hapo, nilikuwa nasimama karibu mno. Nikarudi nyuma nusu hatua.

Nikasema sasa nirekodi. Simu nikaiegemeza juu ya stuli, mbele yangu, ili ione kitufe na nembo kama alivyosema Kiuno Kwanza. Kocha akawa amefika, amekaa pembeni anakunja mikono. Nikatulia. Mguu ukatua, nikasikia kiuno kimeondoka peke yake, mabega yamebaki, kitu ambacho sijawahi kukisikia. Mikono sikuikaza. Sikusikia mgongano. "Tok" tu, kavu, kama ya Fundi. Shuti la kwanza la maana tangu nianze mchezo huu.

Likaenda moja kwa moja kwenye simu.

#45 Msomaji Kimya
😂😂😂😂

#46 Kiuno Kwanza
Pole kwa simu, hongera kwa kiuno.

#47 Mpigaji Mchovu
Kioo kimekuwa unga, na video haikuhifadhika. Kocha ameruka kutoka pale alipokaa anapiga makofi: "Umeona? Umekata kwenda chini!" Sina ushahidi wa kumpinga. Naandika kwa simu ya kuazima.

#48 Hesabu Hazidanganyi
Subiri. Stuli ina kimo gani, kigingi kina kimo gani, na simu ilikuwa umbali gani?

#49 Mpigaji Mchovu
Simu ilikuwa kama sentimita 50 kutoka chini. Kigingi 75. Umbali mita 4 hivi.

#50 Hesabu Hazidanganyi
Umeshuka sentimita 25 kwa mita 4. Toa kama 8 za mvutano wa dunia, zinabaki 17. Mpira uliondoka ukiwa umeinama chini kwa nyuzi 2 na kitu.

#51 Kocha Mstaafu
CHINI. Nimemaliza.

#52 Mtu wa Kriketi
Mpira ndio ulikwenda chini. Gongo hamkuliona. Rudini post #42.

#53 Fundi Mbao
Alama ya poda ya hilo shuti ilikuwa wapi?

#54 Mpigaji Mchovu
Nililifuta gongo kwa furaha kabla sijaangalia simu.